John Snow: munganga aliyefuata kolera mpaka ku kisima

Mtu wa Baraka, wa Fizi ao wa Uvira hana haja ya kuelezwa kolera ni nini. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 ugonjwa huu, ambao wengine wanauita kipindupindu, unaenda na kurudi hapa ku mwambao wa ziwa Tanganyika. Mtu mzima unamlaza. Mtoto mchanga, akiisha kukauka maji mwilini, saa chache zinatosha kumpoteza. Lakini ni nani aliyeonyesha ya kwamba kolera inapita ndani ya maji tunayokunywa? Leo tunawaletea maisha yake.

John Snow alizaliwa tarehe 15 Machi 1813 katika mji wa York, kule Uingereza. Alikuwa kifungua mimba wa watoto tisa. Baba yake aliishi kwa kazi ya mikono, na nyumba yao ilikuwa katika mtaa wa maskini, karibu na mto. Alipofika miaka 14, wazazi walimtuma Newcastle kujifunza kazi kwa munganga mmoja.

Mwaka wa 1831 kolera ikaingia Uingereza. Kijana Snow, wa miaka 18 tu, alitumwa kutunza wachimbaji wa makaa ya mawe kule Killingworth. Dawa hakuna, watu wanakufa. Lakini macho yake hayakulala. Aliona ya kwamba wachimbaji wanakaa chini ya udongo saa nyingi, choo hakuna, wanajisaidia mule mule, kisha wanakula chakula na mikono ile ile. Anayejua maisha ya mashimo ya dhahabu kule Misisi hatashangaa.

Mwaka wa 1836 alienda London kwa miguu ili kumaliza masomo. Akawa munganga, tena wa sifa, juu alijua sana kazi ya kutuliza maumivu ya wagonjwa kwa dawa ya kuvuta. Mwaka wa 1853 aliitwa kumsaidia Malkia Victoria wakati wa kuzaa. Angeweza kutulia pale na kula matunda ya jina lake. Hakutulia.

Wakati ule waganga wakubwa waliamini kolera inaletwa na hewa mbaya, ile harufu ya takataka. Snow alijiuliza: kama ni harufu, juu ya nini ugonjwa unaanza ndani ya tumbo, na si ku mapafu? Mwaka wa 1849 alitoa kitabu kidogo akieleza ya kwamba kinyesi cha mgonjwa kinaingia ndani ya maji, na maji yanakirudisha ndani ya kinywa cha mtu mwingine. Wachache sana walimwamini.

Mwisho wa mwezi wa Agosti 1854, kolera ililipuka katika mtaa wa Soho, pale London, kuzunguka barabara iliyoitwa Broad Street. Ndani ya siku kumi tu, watu zaidi ya 500 walikuwa wamekufa. Snow alienda nyumba kwa nyumba, akiuliza jambo moja: maji munachota wapi? Karibu wote walichota ku pompe moja ya barabara ile. Kulikuwa nyumba ya maskini pale karibu, yenye watu zaidi ya 500. Wao walikuwa na kisima chao, wakafa watano tu. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe, kilichokuwa ku barabara ile ile, walikunywa pombe yao, na hakuna aliyekufa. Lakini mama mjane aliyeishi mbali, kule Hampstead, alikufa. Kumbe alipenda ladha ya maji ya pompe ile, na alikuwa anatumiwa kila siku.

Tarehe 8 Septemba mpini wa pompe ukatolewa kwa ombi la Snow. Tuseme ukweli: ugonjwa ulikuwa umeisha kuanza kupungua, juu watu wengi walikuwa wamekimbia. Jumla ya waliokufa ilipita 600.

Mwaka ule ule, upande wa kusini wa London, Snow alihesabu tena. Kampuni mbili ziliuza maji katika barabara zile zile. Moja ilivuta maji ya mto Thames pahali ambapo uchafu wa mji unamwagika. Ingine ilikuwa imehamisha bomba lake juu zaidi, kabla ya mji. Kwa kila nyumba 10,000, kampuni ya kwanza ilipata vifo 315, ya pili 37. Hewa ni moja, harufu ni moja. Kilichobadilika ni maji.

Sasa, ile pompe ya Broad Street ilichafuka namna gani? Jibu lilipatikana na pasta mmoja, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni alitaka kuonyesha ya kwamba Snow amekosea. Aligundua ya kwamba mtoto mchanga wa miezi mitano, katika nyumba iliyo mbele ya pompe, alianza kuhara siku chache kabla ya wengine, kisha akafa. Mama yake alifua vitambaa vya mtoto na kumwaga maji yale ndani ya shimo la uchafu la nyumba. Walipochimba, waliona kuta za shimo zimeoza, na kati yake na kisima hakuna hata metre moja.

Snow alikufa tarehe 16 Juni 1858, akiwa na miaka 45 tu, bila mke wala mtoto, na wakubwa wengi walikuwa bado wanasema hewa. Kolera iliporudi London mwaka wa 1866, ndipo waliokuwa na mashaka wakaanza kukubali.

Kazi yake haijaisha huku kwetu. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2015 ulihesabu wagonjwa wa Uvira kama Snow alivyohesabu wa London: kila robine ilipokauka siku nzima, wagonjwa wa kolera walizidi mara mbili ndani ya siku 12 zilizofuata. Robine ikikauka, mama anabeba bidoni na kushuka ku ziwa. Maji ya Tanganyika yanang'aa, ni kweli. Hata ya Broad Street yalisifiwa ladha.

Na tusisahau mtoto yule wa miezi mitano. Wengi wetu tunasema mavi ya mtoto mchanga hayana neno, tunayatupa nyuma ya nyumba ao tunafulia vitambaa ku ziwa. Yanapashwa kuingia ndani ya choo, choo kikae mbali na kisima, walau metre 30, na mikono ioshwe na sabuni kabla ya kumlisha mtoto. Maji ya kunywa yachemshwe ao yatiwe klore, na bidoni ifunikwe. Mtoto akianza kuhara, aendelee kunyonya, na apelekwe ku kituo cha afya bila kungoja kesho.