Oliver Heaviside, Kiziwi wa Simu

Oliver Heaviside alizaliwa London tarehe 18 Mei, 1850, katika nyumba maskini. Utotoni homa ilimharibu masikio. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akajifunza peke yake, kisha akawa mpiga simu za waya huko Denmark na Newcastle. Mwaka 1874 aliacha kazi, wala hakushika nyingine ya mshahara tena. Alirudi kukaa kwa wazazi wake na kusoma hesabu. Kwetu Ngara mzee gani angevumilia kijana wa namna hiyo?

Mwaka 1886 alilipa jina la impidansi lile zuio ambalo waya huuwekea umeme unaokwenda na kurudi. Atakaye kuelewa na achukue kamba nene ya ng'ombe, aiunge na kamba nyembamba, kisha aitikise. Penye fundo, sehemu ya wimbi humrudia mkononi. Ndivyo ilivyo mashine ya kurushia redio na waya wake visipolingana: nguvu hurudi, na mashine yaweza hata kuungua.

Mwaka 1887 alionyesha kwamba koili zikiongezwa katika waya wa simu, maneno yatafika bila kuvurugika. William Preece, mkubwa katika Posta ya Uingereza, alimpinga, na makala yake ikazuiwa. Mwaka 1900 Michael Pupin alipata hati ya koili hizo Marekani, akatajirika. Kwangu mimi huo ulikuwa uonevu.

Mwaka 1902 Heaviside aliandika kwamba huenda juu angani pana tabaka linaloongoza mawimbi ya redio. Ndilo linaloturudishia stesheni za mbali usiku. Edward Appleton alilithibitisha Desemba, 1924. Heaviside alikufa Torquay tarehe 3 Februari, 1925.