Askofu Hirth na Kisiwa cha Bulingugwe

Katika bahari ya magharibi ya Ireland kuna jabali liitwalo Skellig Michael, lililochomoza majini kwa mita 218. Watawa wa kale walijenga huko vibanda vya mawe, wapate kuwa peke yao na Mungu. Kisiwa hicho walikichagua wenyewe. Mhashamu Jean-Joseph Hirth, aliyeleta Injili magharibi ya Ziwa letu, kisiwa chake hakukichagua.

Alizaliwa Alsace mwaka 1854, akawa padre wa shirika la Mapadre Weupe, na mwaka 1890 akawekwa wakfu kuwa askofu. Miaka miwili haijatimia, vita ikazuka Mengo, tarehe 24 Januari 1892, baina ya Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda. Rubaga iliteketea. Askofu, Kabaka Mwanga na umati wa waamini wakakimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Siku sita baadaye wanajeshi wa Kapteni Williams wakakishambulia kwa bunduki ya Maxim. Mitumbwi ilikuwa michache, watu wengi. Wengi wakafa maji, wanawake na watoto miongoni mwao. Askofu aliokoka.

Nani mwenye kosa? Yeye na Kapteni Lugard walilaumiana kwa miaka, na mwaka 1898 Serikali ya Uingereza iliilipa misioni pauni 10,000. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zilichanganya mno dini na utawala, wala Askofu wetu hatumtoi katika hesabu hiyo. Waliozama hawakurudishwa na fedha.

Akashuka kusini akiwa mkimbizi. Mwishoni mwa 1892 alifungua misioni ya Kashozi, karibu na Bukoba. Na kabla mwaka 1900 haujafika mapadre wake walikuwa Katoke, katika Usuwi, ndiyo Biharamulo ya leo. Februari 1900 akaanzisha Save, Rwanda. Lakini kazi aliyoishikilia kuliko zote ni seminari. Mwaka 1904 Rubya ilipokea vijana wa Bukoba na hata wa Rwanda, waliotembea siku nyingi kwa miguu kuja kujifunza Kilatini. Wapo waliomcheka. Mwaka 1917 aliwapa upadre Wanyarwanda wawili wa kwanza, na mwaka huohuo Rubya ikawatoa mapadre wazalendo wake wa kwanza.

Alijiuzulu mwaka 1921, akabaki Kabgayi, akafa huko tarehe 6 Januari 1931, sikukuu ya Epifania.