George Wald, mtu aliyekuta vitamini A ndani ya jicho

Mtoto anacheza vizuri mchana, lakini jua likishatua anaanza kugonga viti na kupapasa ukuta. Kuna wazazi wanaosema ni uzembe, ao wamemloga. Kumbe jicho lake limekosa kitu. Aliyeonyesha namna kitu hicho kinavyofanya kazi ni George Wald.

Alizaliwa New York, Marekani, mwaka wa 1906, katika familia ya Wayahudi waliotoka Ulaya. Mwaka wa 1932 akaenda Berlin, Ujerumani, kufanya utafiti kwa Otto Warburg. Wakati ule watu walijua tayari kwamba kukosa vitamini A kunaharibu kuona usiku, lakini sababu ilikuwa haijulikani. Wald akaikuta vitamini yenyewe ndani ya retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea mwangaza. Kule Zürich, kwa Paul Karrer, wakahakikisha kwamba ni yenyewe.

Halafu 1933 Hitler akakamata utawala. Kwa Myahudi, Ujerumani haikukalika tena, na wale waliomlipia utafiti wakamwambia arudi kwao. Mbele ya kuondoka, vyura karibu 300 wakafika ku maabara ya Heidelberg, wakubwa wako likizoni. Yeye akawatumia. Ndani ya macho yao akakuta kitu cha manjano, ambacho leo kinaitwa retinali: ni vitamini A iliyobadilika.

Gizani, retinali inashikamana na protini moja, na pamoja zinafanya rangi ya zambarau inayoitwa rodopsini. Mwangaza ukiipiga, retinali inanyooka, na jicho linatuma habari ku ubongo. Huko kunyooka alikueleza pamoja na Ruth Hubbard, ambaye baadaye akawa bibi yake. Watu wanamsahau mara nyingi, na si haki. Kisha rangi inapauka, inatengenezwa upya, lakini kidogo kinapotea kila mara. Cha kujazia kinatoka ku chakula tu: maini, mayai, sombe, mawese mekundu ambayo hayakuchomwa mpaka yakawa meupe.

Mwaka wa 1938, Wald na wenzake walitangaza jaribio la mtu aliyekula chakula kisicho na vitamini A. Kuona kwake usiku kulififia. Alipopewa vitamini, kukarudi haraka. Njo maana mtoto anayegonga viti apelekwe kituo cha afya mapema, zaidi kama ametoka kuugua surua. Sehemu ya mbele ya jicho ikishakauka na kutoboka, hakuna kidonge kitakachoirudisha.

Mwaka wa 1967 Wald alipata zawadi ya Nobel pamoja na Ragnar Granit na Haldan Hartline. Jina hilo kubwa akalitumia kupinga waziwazi vita vya Vietnam na silaha za nyuklia. Alikufa mwaka wa 1997, akiwa na miaka 90.