Monica, Mama wa Thagaste

Shuleni mwetu wamo akina Monica wengi ajabu. Darasani mwetu pekee wako watatu. Lakini ukiwauliza huyo Monica wa kwanza alikuwa nani, watakwambia ati ni mtakatifu tu, basi, sikukuu yake ni tarehe 27 Agosti. Tena wengi hudhani alikuwa Mzungu kwa sababu ya zile picha za kanisani. La hasha! Monica alikuwa mzaliwa wa bara letu la Afrika, katika mji wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Aljeria. Alizaliwa yapata mwaka wa 332, Warumi walipokuwa wakiitawala Afrika ya Kaskazini.

Habari zake tunazipata kwa mwanawe Augustine, katika kitabu chake Maungamo. Mimi nampenda mwandishi huyu kwa kuwa hakumpaka mamake mafuta. Anasimulia kwamba Monica alipokuwa kigoli alitumwa na wazazi wake kuteka divai pipani, naye akawa anaionja kidogo kidogo, mwishowe akawa anagugumia karibu kikombe kizima. Siku moja mjakazi waliyegombana naye akamwita mlevi. Monica alishikwa na haya, akaacha papo hapo.

Aliozwa kwa Patricius, mtu asiyekuwa Mkristo, mwenye hasira za mkizi na tena asiyekuwa mwaminifu katika ndoa. Siku hizo wanawake wa Thagaste walikutana wakiwa na alama za kipigo usoni. Monica yeye hakupigwa. Mumewe akiwaka, alinyamaza; akipoa, ndipo alipomweleza lililokuwa kweli. Aliwashauri wenzake wafanye hivyo, akiwakumbusha kuwa kwa sheria ya ndoa wao ni kama watumwa. Hapo mimi na yeye tunaachana njia. Anayepiga ndiye mwenye kosa, sio anayepigwa. Hata hivyo, subira yake ilizaa. Mavyaa aliyekuwa amejazwa fitina na wajakazi aligeuka akawa upande wake, na Patricius naye alibatizwa kabla ya kufa.

Walijaliwa watoto watatu: Augustine aliyezaliwa tarehe 13 Novemba 354, Navigius, na binti mmoja ambaye baadaye aliongoza nyumba ya watawa wa kike. Aliyemtoa mamake jasho ni Augustine. Kijana huyu alikuwa na akili kama kisu, akapelekwa kusoma Carthage, karibu na Tunis ya leo. Huko akaishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus. Kisha akaingia katika dini ya Mani, iliyofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazopigana tangu mwanzo. Aliirudisha dini hiyo hadi nyumbani kwao, akiwacheka Wakristo.

Monica alimkataza kula naye meza moja. Hebu fikiria, mama kumnyima mwanawe meza! Ila aliota ndoto kwamba amesimama juu ya ubao wa kupimia, na mwanawe amesimama papo hapo naye. Augustine, mjuaji, akaifasiri kwamba mamake ndiye atakayemfuata yeye. Monica akamjibu bila kusita kwamba hakuambiwa atakuwa pale alipo mwana, bali mwana atakuwa pale alipo mama. Akamrudisha mezani. Alimwendea hata askofu mmoja amsaidie kumshawishi. Askofu akasema kijana bado amejaa kiburi, aachwe, aombewe. Mama akang'ang'ania huku analia, hadi askofu akachoka, akamwambia aende zake, kwani mwana wa machozi hayo hawezi kupotea.

Hapa kwetu nawajua akina mama ambao wana wao walipotelea mjini. Jumatano jioni hukutana kuomba, wakiwataja mmoja mmoja kwa jina. Ninapowapita nikitoka shule ndipo humwelewa Monica.

Mnamo 383 Augustine aliamua kwenda Roma. Mamake akamshika asiende, ama waende wote. Akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki bandarini, na Monica alipokuwa akiomba usiku katika kanisa la Mtakatifu Cyprian, jahazi likang'oa nanga. Kulipokucha alibaki ufuoni akilia. Lakini hakukaa akalia tu. Aliabiri naye, akapita katika dhoruba akiwatia moyo mabaharia wenyewe, akamfuata hadi Milan. Huko akamtii Askofu Ambrose hata alipokataza desturi ya nyumbani kwao ya kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi.

Kuna jambo moja lakini ambalo siwezi kulifunika. Monica alimtafutia mwanawe mchumba wa ukoo mzuri, msichana ambaye bado miaka miwili afikie umri wa kuolewa, na umri wenyewe ulikuwa miaka kumi na miwili! Mamake Adeodatus akarudishwa Afrika, akaapa hatamjua mwanamume mwingine, akamwacha mtoto Milan. Yeye pia alikuwa mama. Augustine hakulitaja jina lake hata mara moja. Na ile ndoa haikufungwa kamwe.

Mwaka wa 386 Augustine alimgeukia Mungu, na Pasaka ya 387 alibatizwa na Ambrose pamoja na Adeodatus. Safari ya kurudi Afrika ikaanza. Wakiwa Ostia, bandari ya Roma, Monica alishikwa na homa. Zamani alikuwa ametengeneza mahali pa kuzikwa kando ya mumewe Thagaste. Sasa aliwaambia wanawe wamzike popote, bora wamkumbuke altareni. Siku ya tisa alifariki, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake.

Alipokata roho Adeodatus aliangua kilio, watu wazima wakamnyamazisha. Augustine mwenyewe alijikaza mazishini, akaja kulia baadaye akiwa peke yake kitandani. Walirudi Afrika mwaka wa 388, na kuna kitabu ambamo baba na mwana wanajadiliana juu ya kufundisha. Augustine anaapa kwamba mawazo ya mtoto humo ni yake mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na sita, umri wangu mimi. Hakuishi sana baada ya hapo.