Henry Johnson: Askari wa majeraha 21 ambaye karatasi zake hazikutaja hata moja

Wasikilizaji wengi mnatuandikia kuhusu karatasi. Jina limekosewa herufi moja. Mwaka wa kuzaliwa haulingani na ule wa kitambulisho. Utumishi wa baba hauonekani kwenye faili, na baba mwenyewe ameshatangulia mbele za haki. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyefariki mwaka 1929, ambaye upungufu katika karatasi zake za jeshi ulimalizwa mwaka 2015. Kutoka siku alipoachishwa jeshi hadi siku hiyo ni miaka 96.

Mtu huyo ni Henry Johnson, askari mweusi wa Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Mbeba mizigo wa stesheni

Jina lake kamili lilikuwa William Henry Johnson. Alizaliwa katika miaka ya 1890 huko Winston-Salem, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Tarehe ya kuzaliwa aliyoitaja haikuwa moja katika karatasi zake zote, jambo ambalo wazee wetu wengi wanalifahamu vizuri.

Akiwa kijana alihamia mji wa Albany, jimbo la New York. Alifanya vibarua vya aina nyingi, na mwishowe akawa mbeba mizigo katika stesheni ya reli. Hakuwa pande la mtu. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 163, na uzito wake kama kilo 59.

Marekani iliingia vitani Aprili 1917. Mnamo tarehe 5 Juni mwaka huo, Johnson alijiandikisha katika kikosi cha 15 cha New York, ambacho baadaye kiliitwa Rejimenti ya 369. Wakati huo jeshi la Marekani lilitenganisha watu kwa rangi. Askari wa rejimenti hii walikuwa weusi, na maofisa wao wengi walikuwa weupe.

Walifika Ufaransa mwanzoni mwa mwaka 1918. Kwanza hawakupelekwa vitani. Walipewa kazi za sulubu, kama kupakua meli na kujenga. Makamanda wengi wa Marekani hawakutaka askari weupe wapigane bega kwa bega na weusi. Jenerali Pershing, aliyeongoza majeshi ya Marekani huko Ulaya, akawakabidhi kwa jeshi la Ufaransa, ambalo lilikuwa na upungufu mkubwa wa watu. Wafaransa wakawapa kofia zao za chuma na bunduki zao, wakawapeleka mahandakini.

Usiku wa kuamkia 15 Mei 1918

Usiku huo Johnson na mwenzake, Needham Roberts, walikuwa lindo karibu na msitu wa Argonne. Kazi yao ilikuwa kusikiliza na kutoa taarifa adui akisogea.

Usiku ukiwa mkubwa walisikia waya wa seng'enge ukikatwa. Kikundi cha Wajerumani wasiopungua 12 kilikuwa kinawajia. Mabomu ya mkono yakaanza kurushwa. Roberts aliumia vibaya, akawa hawezi kusimama. Alibaki amelala huku akimpa Johnson mabomu, naye Johnson akiyarusha.

Mabomu yalipokwisha, Johnson alishika bunduki. Ilikuwa bunduki ya Kifaransa, lakini katika haraka ile aliipakia risasi za Kimarekani. Bunduki ikakwama. Akaigeuza, akaanza kupiga kwa kitako mpaka kikavunjika. Mara akaona maadui wawili wanamburuta Roberts kumchukua mateka. Hapo alichomoa kisu chake kikubwa, kizito kama panga fupi, akawaendea. Walimwachia Roberts.

Wajerumani walirudi nyuma na majeruhi wao. Johnson alizimia wenzake walipofika kusaidia. Alikuwa na majeraha 21, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjikavunjika.

Ufaransa haikuchelewa. Iliwapa wote wawili nishani yake ya vita, Croix de Guerre, na ya Johnson iliwekwa alama ya tawi la mtende la dhahabu. Walikuwa miongoni mwa askari wa kawaida wa kwanza wa Marekani kupewa nishani hiyo katika vita ile. Magazeti ya kwao yakaandika sana. Lakini jeshi lao wenyewe halikumpa Johnson nishani yoyote.

Shangwe, kisha ukimya

Februari 1919 rejimenti ilirudi New York na kuandamana katika barabara kuu ya Fifth Avenue mbele ya umati mkubwa. Johnson, ambaye sasa alikuwa sajenti, hakuweza kutembea umbali ule. Alipita ndani ya gari la wazi akiwapungia watu. Jeshi lilitumia picha yake kuwavuta vijana wajiandikishe, na serikali ikatumia jina lake kuuza stempu za kuchangia gharama za vita.

Alialikwa pia kusimulia habari za vita kwenye mikutano. Mwezi Machi mwaka huo, mjini St. Louis, watu walitarajia asimulie jinsi weusi na weupe walivyoishi kindugu mahandakini. Yeye alisema wazi jinsi askari weusi walivyoonewa na wenzao weupe. Baada ya hapo hati ya kumkamata ikatolewa, kwa madai kwamba alivaa sare za jeshi baada ya muda ulioruhusiwa. Mialiko ikakoma.

Sasa tufike kwenye karatasi. Johnson aliachishwa jeshi Februari 1919. Hati zake za kuachishwa hazikutaja majeraha yake. Mguu uliovunjika haukuandikwa, wala jeraha lolote kati ya yale 21. Mtu aliyepita New York ndani ya gari kwa sababu hawezi kutembea, kwenye karatasi alionekana mzima.

Karatasi ya namna hiyo ndiyo inayofungua au kufunga mlango wa fidia, matibabu na heshima. Johnson alirudi Albany kwenye kazi ya kubeba mizigo, akiwa na mguu usiobeba hata mwili wake vizuri. Ndoa yake ilivunjika. Afya ikazidi kudorora. Mwaka 1927 ofisi iliyoshughulikia askari wastaafu ilimtambua kuwa mlemavu wa kudumu na kumlipa posho, lakini sababu iliyoandikwa ilikuwa kifua kikuu, si majeraha ya vita. Alifariki tarehe 1 Julai 1929, kwa ugonjwa wa moyo, kabla hajawa mzee.

Waliokataa faili lifungwe

Mwaka 1932, miaka mitatu baada ya kifo chake, Marekani ilianzisha upya nishani ya Purple Heart, yaani Moyo wa Zambarau, kwa askari waliojeruhiwa na adui. Askari wa vita ile ya kwanza waliokuwa na uthibitisho wa majeraha waliruhusiwa kuiomba. Johnson hakuwepo tena kuiomba.

Madai yake yalibebwa na wengine. Maveterani wa Albany, wakiwemo waliopigana Vietnam, walishikilia kwamba mtu wa mji wao amedhulumiwa. Alikuwepo pia Herman Johnson, aliyetumikia jeshi la anga la Marekani katika Vita Kuu ya Pili, ambaye maisha yake yote alimjua Henry kuwa ndiye baba yake. Waliandika barua, wakaenda kwa wabunge, wakarudi tena na tena.

Mwaka 1996 Rais Bill Clinton aliidhinisha Purple Heart. Miaka michache baadaye watafiti wa jimbo la New York waligundua jambo lililoishangaza familia ya Herman. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba Henry Johnson alizikwa kama fukara, kaburi lisilojulikana. Kumbe alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya taifa ya Arlington, tangu Julai 1929, kwa jina la William Henry Johnson. Kisha jeshi likampa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, nishani yake ya pili kwa ukubwa.

Ilibaki ile kubwa kuliko zote, Nishani ya Heshima. Hapo kulikuwa na vizuizi viwili. Cha kwanza ni ushahidi: jeshi lilitaka maandishi ya wakati uleule, kutoka kwa makamanda wenyewe. Cha pili ni muda: sheria iliweka ukomo wa miaka mitano tangu tukio.

Mwaka 2011 wasaidizi wa Seneta Chuck Schumer wa New York walipata nyaraka zilizokuwa zimesahaulika. Mojawapo ilikuwa taarifa ya Jenerali Pershing mwenyewe, iliyoandikwa siku chache baada ya mapigano, ikieleza walichofanya Johnson na Roberts. Maombi mapya yakapelekwa yakiwa na kurasa zaidi ya elfu moja. Desemba 2014 Bunge la Marekani likapitisha kifungu cha kuondoa ukomo ule wa muda kwa ajili yake.

Tarehe 2 Juni 2015 Rais Barack Obama alitoa Nishani ya Heshima kwa Henry Johnson. Hakukuwa na ndugu wa kuipokea. Herman alikuwa amefariki mwaka 2004, na uchunguzi wa jeshi kuhusu ukoo haukupata uthibitisho kwamba walikuwa baba na mwana. Hapo napo karatasi ziliumiza watu waliokuwa wamepigania jina hilo kwa miaka. Nishani ilipokelewa na sajenti meja wa Walinzi wa Taifa wa New York, Louis Wilson, kwa niaba ya kikosi chake.

Mwaka 2023 kambi ya jeshi iliyoko Louisiana ilibadilishwa jina kutoka Fort Polk na kuitwa Fort Johnson. Mwaka 2025 jina la Polk likarudishwa. Majina ya kambi hubadilika na upepo wa siasa. Kilichoandikwa kwenye rekodi ya utumishi wake kimebaki palepale.

Marekebisho hufanywaje?

Tangu mwaka 1946 sheria ya Marekani inaruhusu bodi maalumu za kiraia kusahihisha kumbukumbu za wanajeshi. Anayeomba ni askari mwenyewe, na akiwa amefariki, ndugu wa karibu au mwakilishi wa kisheria. Maombi hutakiwa ndani ya miaka mitatu tangu kosa kugundulika, ingawa bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji haki ikidai hivyo.

Kuna tofauti moja ya kuizingatia. Kama nishani ilishatolewa lakini haikuandikwa kwenye hati, kinachotakiwa ni kuonyesha amri iliyoitoa, na kazi inakuwa nyepesi. Kama haikuwahi kutolewa, lazima kuthibitisha tukio lenyewe kwa taarifa za makamanda, mashahidi au rekodi za hospitali. Safari ya Johnson ilikuwa ya aina hii ya pili, na ndiyo maana ilichukua muda mrefu.

Tena karatasi za serikali huweza kupotea. Mwezi Julai 1973 moto uliteketeza majalada yapatayo milioni 16 hadi 18 katika ghala la kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, mengi yakiwa ya walioachishwa jeshi la nchi kavu kati ya 1912 na 1960. Familia nyingi zilibaki kutegemea barua za zamani, picha na magazeti yaliyohifadhiwa nyumbani.

Na sisi huku?

Vita ileile ilipiganwa kwenye ardhi yetu. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza. Walikufa kwa maelfu, kwa njaa, maradhi na uchovu, na wengi majina yao hayakuandikwa popote. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliofia vita hiyo hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa askari wa Kizungu, ikaomba radhi.

Johnson alipata bahati ambayo mpagazi wetu hakuipata: kuna mtu aliyeandika. Taarifa ile ya Pershing ilikaa kwenye faili zaidi ya miaka 90, lakini ilikuwepo.

Basi, kama una mzee nyumbani aliyetumikia jeshi, polisi, reli au shule, kaa naye wiki hii. Muulize majina aliyotumia kazini, namba yake ya utumishi, kikosi au kituo, na mwaka alioanza na kumaliza. Soma hati yake ya kustaafu mstari kwa mstari, uone kilichomo na kisichokuwemo. Zipige picha karatasi zake kwa simu, kisha umpelekee nakala ndugu mwingine anayeishi mbali nawe, ili moto au mafuriko yasizimalize zote kwa pamoja. Ukiona kosa, lipeleke kwa mwajiri kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye tarehe na mhuri wa kupokelewa. Fanya hivyo mzee akiwa bado anaweza kusema mwenyewe kilichotokea.