Tulsidas

Tulsidas (alifariki Varanasi, Uhindi, 1623) alikuwa mshairi na mtawa wa Uhindu. Anajulikana hasa kwa utenzi wake Ramcharitmanas, unaosimulia habari za Rama kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa kawaida wa Uhindi Kaskazini.

Maisha

Mwaka wake wa kuzaliwa unabishaniwa. Hutajwa 1511, 1532 na mingine. Mapokeo yanasema wazazi walimtupa kwa sababu alizaliwa chini ya nyota mbaya, tena kwamba baadaye alimwacha mke wake Ratnavali ili awe mtawa. Masimulizi hayo si ya kutegemewa sana, lakini katika mashairi yake mwenyewe anataja utoto wa kuachwa na kuombaomba chakula.

Alianza kutunga Ramcharitmanas huko Ayodhya mwaka 1574.

Wivu katika utenzi wake

Sehemu ya pili ya utenzi inahusu nyumba ya mfalme Dasharatha, mwenye wake watatu. Rama, mwana wa Kausalya, anakaribia kutawazwa. Kaikeyi, mke mwenza, kwanza anafurahi, hata anatishia kumkata ulimi mjakazi wake Manthara anayenong'ona maneno ya fitina. Manthara hakati tamaa. Anamkumbusha habari za Kadru na Vinata, wake wenza wa zamani ambao mmoja alimfanya mwenzake mtumwa, na kumwambia kwamba Kausalya atamtendea vivyo hivyo. Hofu hiyo ndiyo inayozaa wivu. Kaikeyi anadai ahadi mbili alizopewa zamani na mfalme: mwanawe Bharata atawale, na Rama apelekwe msituni miaka 14. Dasharatha anakufa kwa huzuni.

Tofauti na Valmiki, mtunzi wa Ramayana ya Kisanskriti, Tulsidas anasema miungu ndiyo iliyomtuma Saraswati apotoshe akili ya Manthara, maana Rama alipaswa kwenda kupambana na Ravana. Hivyo lawama ya Kaikeyi inapungua, ingawa haifutiki: Bharata mwenyewe anamkemea mama yake vikali, anakataa ufalme na kuweka viatu vya Rama penye kiti cha enzi.

Baada yake

Utenzi huo ndio msingi wa maigizo mengi ya Ramlila. Yale ya Ramnagar, ng'ambo ya mto Ganges kutoka Varanasi, huchukua takriban mwezi mzima. Katika karne ya 19 vibarua Wahindi waliupeleka hadi Mauritius, Fiji, Trinidad na Surinam.