Paul Bomani: Alianzia kwenye mizani, akafika kwenye mbegu

MKULIMA wa pamba ana tatizo ambalo mkulima wa maharage hana. Mwenye maharage akivuna hutenga debe moja la mbegu, akalihifadhi vizuri na kulipanda msimu unaofuata. Mwenye pamba huuza mbegu yake yote atake asitake, kwa sababu imeshikamana na nyuzi. Katika kilo 100 za pamba mbegu anazopeleka kwenye mizani, nyuzi ni kama theluthi moja tu, na zinazobaki karibu zote ni mbegu. Mbegu hizo huishia kwenye kinu cha kuchambulia pamba, na mvua zikikaribia mkulima hupanda kile atakachopewa. Ikiota ni bahati yake, isipoota hasara ni yake.

Kwa sababu hiyo maisha ya Paul Bomani yanawahusu hata wakulima wa Usagara na Misungwi ambao hawakuwahi kumwona. Wengi humkumbuka kama waziri na balozi. Lakini kazi yake kubwa kwa mkulima wa Kanda ya Ziwa aliifanya kabla ya uhuru, akiwa kijana asiyefikisha miaka 35.

Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na akasoma Ikizu. Mwaka 1945 aliajiriwa kama karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, akakaa hapo miaka miwili. Mwaka 1947 alihamia Mwanza na kushika kazi katika chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa mji huo. Kwa hiyo alianza na wenye maduka madogo, si wakulima. Huko alijifunza hesabu za bei ya jumla na rejareja, na namna mtu mwenye mtaji mdogo anavyobanwa na mwenye mtaji mkubwa.

Manung'uniko ya vijijini wakati huo yalikuwa juu ya mizani. Biashara ya kununua na kuchambua pamba ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia, na mkulima aliyebeba mzigo kichwani kutoka mbali hakuwa na njia ya kujua kama uzito aliosomewa ni wa kweli. Wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kuhakiki vipimo. Bomani na wenzake walilichukua jambo hilo dogo wakalikuza. Kikaanzishwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, vikafuata vyama vya msingi vilivyonunua pamba vyenyewe. Baada ya masomo ya ushirika Loughborough, Uingereza, Bomani alirudi, na mwaka 1955 akawa meneja mkuu wa muungano wa vyama hivyo, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao wazee wengi bado wanauita Viktoria Federesheni.

Ilipofika mwisho wa miaka ya 1950, karibu pamba yote ya kanda hiyo ilikuwa inapita mikononi mwa vyama vya msingi. Viktoria Federesheni ikanunua na kujenga vinu. Watu wengi husimulia ushindi huo kwa upande wa bei. Upande wa pili husahaulika: mwenye kinu ndiye anayekaa na mbegu.

Hapo ndipo kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilicho jirani na Usagara, kinapoingia. Watafiti wake walikuwa wameanza kuzalisha aina za pamba zenye majani ya vinyweleo, ambazo wadudu warukao wanaofyonza majani hawakuzipenda, na baadaye aina zilizostahimili ugonjwa wa bakteria. Herufi UK katika majina ya mbegu hizo zinatokana na Ukiriguru. Aina mpya haikutawanywa ovyo. Ilianzia eneo moja, ikachambuliwa katika kinu cha eneo hilo peke yake, kisha mbegu yake ikasogezwa kwenda eneo la pili, na hivyo hivyo kila msimu kama wimbi. Mpango ulikuwa wa wataalamu wa kilimo, lakini usingefika mbali bila chama cha msingi kilichojua wanachama wake na ghala lililogawa mbegu kwa wakati.

Wakati una maana kubwa hapa. Mbegu ya pamba ina mafuta mengi. Ikirundikwa ikiwa na unyevu hupata joto yenyewe, kiini kikafa huku ganda likionekana zima. Kwa macho hakuna atakayetofautisha mbegu hai na iliyokufa. Njia ya kujua ni kuhesabu mbegu 100, kuzifunga katika kitambaa au kipande cha gunia chenye unyevu, kuziweka mahali pa joto na kuhesabu zilizoota baada ya wiki moja hivi. Zikiota 80, mbegu ni nzuri. Zikiota 50, mkulima anajua kabla ya kupanda kwamba nusu ya mbegu zake hazitaota. Kipimo hicho hicho kinafaa kwa maharage na choroko.

Mbegu ya manyoya nayo huganda pamoja na huchelewa kufyonza maji, ndiyo maana watu huifikicha kwa majivu au udongo na kutia punje tano au zaidi katika shimo la kina cha sentimita tatu, kisha hupunguza miche ibaki miwili. Yote hayo hayasaidii kitu ikiwa mbegu imefika mvua za kwanza zimekwisha.

Mwaka 1960 Bomani akawa Waziri wa Kilimo na Ushirika, na mwaka 1962 Waziri wa Fedha. Mavuno ya pamba yaliongezeka mara kadhaa hadi katikati ya miaka hiyo. Lakini ushirika uliokua haraka ulianza kuwa mzigo. Makato yaliongezeka, watumishi wakaajiriwa kwa undugu, na mwaka 1966 Rais aliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika. Mwaka mmoja kabla ya hapo wapiga kura wa Mwanza walikuwa wamekwisha mwangusha Bomani ubunge akiwa bado Waziri wa Fedha, akarudi bungeni kwa kuteuliwa. Ni haki kusema kwamba chombo alichokijenga kilikuwa kimeanza kumsahau mkulima aliyekianzisha.

Viktoria Federesheni ikageuzwa kuwa Nyanza, vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Muda mwingi wa misukosuko hiyo Bomani alikuwa Washington, balozi kuanzia 1972 hadi 1983.

Pigo kwa mbegu lilikuja baada ya 1994, soko la pamba lilipofunguliwa. Wanunuzi wengi waliongeza ushindani wa bei na malipo ya taslimu, jambo ambalo wakulima walilihitaji. Lakini lori lilinunua pamba wilaya hii na kuichambua wilaya nyingine, na mbegu za maeneo tofauti zikachanganyika kinuni. Wimbi la Ukiriguru likavurugika. Ugonjwa wa mnyauko, ambao husafiri na mbegu, ulifika mashamba ambayo hayakuwa nao.

Bomani alifariki Aprili 2005, akiwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msimu wa 2005/06 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 370,000 za pamba mbegu, kiasi ambacho hakikuwa kimefikiwa kabla. Sehemu kubwa ya mbegu iliyopandwa msimu huo ilikuwa bado ile ya manyoya, kama ilivyotoka kinuni.